Malaea na Mwendo wa Dakika Sita

Kazi ya Malaea ilikuwa kutembeza watu. Hakuwa nesi, hakuwa daktari. Shule aliiachia darasa la sita, mwaka ambao kimbunga kiliondoka na paa la shule na paa la kwao kwa siku moja. Hospitali ya wilaya, huku kwetu mashariki ya kisiwa cha Savaii, aliingia kwa mlango wa ufagio. Ufagio ndio uliomfikisha kwenye saa.

Alikuja mwalimu kutoka Auckland, New Zealand, kufundisha kipimo cha kutembea. Akataka mtu wa kumshikia saa. Manesi walikuwa na sindano mikononi. Malaea alikuwa na ufagio tu, na uchafu haukimbii.

"Mama, unajua kuhesabu?" mwalimu akauliza kupitia kwa mkalimani.

"Nina watoto saba," Malaea akajibu. "Kila jioni nahesabu."

Akapewa saa. Akaivaa shingoni kwa kamba, wala hakuivua miaka kumi na tisa. Hata kanisani aliivaa. Mchungaji alikuwa akiiona anafupisha mahubiri.

Kipimo chenyewe ni rahisi, hata waona haya kukiita kipimo. Korido ya mita thelathini, koni ya plastiki huku, koni kule. Mgonjwa anakwenda na kurudi kwa dakika sita, kwa nguvu zake zote, bila kukimbia. Kidoleni amebanwa kifaa kidogo kinachosoma hewa iliyo kwenye damu. Mwisho unahesabu mita. Mtu ambaye damu inasukumana kwa shida kwenye mishipa ya mapafu atajulikana hapo. Mdomo unaweza kumdanganya daktari. Miguu haijui uongo.

Lakini mwaka wa kwanza miguu ya Savaii ilitia watu aibu. Kila mtu mita mia tatu na kitu. Auckland wakaandika barua: je, kisiwa kizima kinaumwa? Hata mlinzi wa geti, aliyetembezwa kwa majaribio, kifua kama mlango, hakufika mia nne. Wakabadilisha saa. Wakapima korido upya kwa kamba. Korido ilikuwa vilevile.

Malaea ndiye aliyeona. Katikati ya korido palikuwa na benchi, na benchini waliketi wazee wakisubiri dawa zao. Nani kwetu atapita mbele ya mzee aliyeketi, naye amesimama wima kama mnazi? Unainamisha mgongo, unashusha mkono, unasema "tulou", yaani niwieni radhi, ndipo unapita. Wagonjwa wote walikuwa wakiinama, kwenda na kurudi, kwa dakika sita. Wenye adabu zaidi walisimama wakauliza hali ya mjomba.

Jumamosi moja Malaea akaburuta benchi mpaka kwenye kibanda cha nje. Mwezi uliofuata Savaii nzima ikapona. Auckland wakaandika tena: tafadhali, mmetumia dawa gani?

Toka hapo wakamwacha na korido yake.

Juu ya meza yake ukutani palibandikwa karatasi kubwa ya makundi matano. Alisomewa kidogo kidogo, siku ya mvua, siku ya wagonjwa wachache, mpaka ikamkaa kichwani. Shinikizo la damu kwenye mapafu ni moja, lakini lina wenyewe watano. Kundi la kwanza, mishipa ya mapafu yenyewe imekuwa mizito na njia imekuwa nyembamba. La pili, shida iko moyoni, upande wa kushoto. Damu ikitoka mapafuni inakuta pamebana, inarudi nyuma. La tatu, mapafu ndiyo mgonjwa. La nne, mabonge ya damu yameziba njia. La tano ni kapu la waliobaki.

Wagonjwa aliwaeleza kwa namna yake. "Bomba likivimba usianze kulipiga nyundo. Nenda mbele utazame nani kafunga koki."

Nao walielewa. Hakuna nyumba kwetu isiyowahi kugombana na bomba.

Sasa, Talosaga. Mwanamke wa miaka thelathini na sita, mwili wa kujaza mlango, watoto wanne. Mumewe nusu ya mwaka yuko New Zealand anachuma matufaha ya watu. Talosaga ndiye aliyekuwa akiongoza kwaya ya kijiji chake, na akicheka unamsikia barabarani. Miaka sita nyuma alipimwa mahali, mashine ikaonyesha presha ya mapafu iko juu, lakini picha ilikuwa na ukungu. Wakaandika: pumu, mapafu, kundi la tatu. Akapewa pampu ya kuvuta. Akaivuta miaka sita.

Mwaka huo wa sita alikuwa anakwisha. Ubeti wa wimbo haumalizi. Miguu imevimba. Mwenyewe alijua, ndiyo maana alizidisha kucheka.

Na mara moja kwa mwaka walikuja madaktari wa moyo kutoka Auckland. Siku tatu, mashine moja ya picha, watu mia na kumi na nane. Kwa hiyo walipanga foleni mbili. Foleni ya moyo ilipigwa picha, na kutoka humo watu sita wangepelekwa Auckland kutengenezwa. Foleni ya mapafu ilitembezwa na kuongezewa dawa. Basi. Jina la Talosaga lilikuwa foleni ya mapafu.

Alikuja siku ya tatu, siku ya mwisho. Mvua ilikuwa ya kupasua mawe. Kibanda cha nje kilikuwa kinavuja, wazee wakaingia na mikeka yao, wakaketi koridoni katikati ya koni na koni. Kiongozi wao alikuwa Mzee Tuiloma, chifu wa upande wa juu, mwenye fimbo na ulimi.

Malaea akaenda akapiga goti mbele yake. "Mheshimiwa, tuna kipimo hapa. Labda mngerudi kibandani kwa muda mfupi..."

"Malaea mwanangu," mzee akasema, "kibanda kile kinavuja kuliko mimi."

Wazee wakacheka mpaka mmoja akapaliwa.

Daktari wa mwaka huo aliitwa Kerslake. Mwembamba, mpole, ana haraka. Akamgeukia Malaea. "Anasema nini?"

"Anasema karibu Savaii."

Kwa hiyo Talosaga akatembea mbele ya wazee. Malaea akabonyeza saa.

Talosaga akaanza vizuri. Akafika penye mikeka, akainama, mkono ukagusa sakafu. "Tulou. Tulou, wazee wangu."

"Huyu anatafuta sarafu ya sene aliyoangusha," Mzee Tuiloma akasema.

"Nikiiona si yako, mheshimiwa," Talosaga akajibu, na wazee wakapiga makofi.

Mara ya pili akainama, hakujibu utani. Mara ya tatu alipoinuka akashika ukuta. Mashavu yalikuwa na rangi ya zambarau. Akasimama. Akapumua. Akaenda tena, akainama tena, akasimama tena. Malaea akatazama kidole: hewa tisini na nne. Haikuwa imeshuka. Akatazama tena. Wagonjwa wake wa mapafu hewa yao huporomoka kama nazi. Ya huyu ilikuwa imetulia, na mwenyewe anatweta.

Dakika sita zikaisha. Mita mia mbili na kumi.

Daktari Kerslake akasoma karatasi, akatazama mikeka. "Hiki hakifai. Njia imezibwa. Turudie baadaye." Akaitupa karatasi kwenye kapu la taka.

Kwa kitabu alikuwa na haki. Lakini lile kapu lilikuwa la Malaea tangu siku za ufagio. Daktari alipogeuka, karatasi ikaingia mfukoni mwa Malaea.

Saa sita kina mama wa kamati wakagonga sufuria nyumba ya pili: chakula tayari. Wazee wakaondoka kwa mwendo ambao hakuna aliyewahi kuupima. Korido ikabaki tupu. Talosaga alikuwa amepumzika saa nzima. Akatembea tena, wima, mikono ikipepea.

Mita mia tatu na sitini.

"Vizuri kabisa," daktari akasema. "Aendelee na pampu. Dawa ya miguu nitamwongezea. Aje mwakani."

Malaea akatafsiri. Talosaga akapiga kofi paja lake. "Umesikia? Mia tatu na sitini! Nimepona, mama yangu!"

Malaea hakucheka. Akasema, "Kaa hapa kwanza. Usiende kupanda basi."

"Nina watoto."

"Watoto hawajaanza kukusahau. Kaa."

Malaea akatoka nje kwenye ngazi. Mumewe Uelese alikuwa pale kama kila siku, na kikapu cha makuti, ndani magimbi ya taro na samaki wa kopo. Uelese alikuwa mtu wa maneno machache. Walikuwa wameoana miaka thelathini na nne, na Malaea alipenda kusema kwamba ya kwanza kumi alikuwa anangoja amalize sentensi.

Akamweleza yote. Uelese akatafuna.

"Wengine wakiinama wanapoteza mita ngapi?"

"Zile barua za mwaka wa kwanza ninazo. Arobaini. Hamsini. Mlinzi sitini, lakini yeye alikuwa na mazungumzo."

"Na huyu?"

"Mia na hamsini."

Uelese akatafuna tena. "Mwambie daktari."

"Mimi? Mimi mfagiaji. Yule ana vyeti mpaka chooni."

"Saa ilikuwa shingoni kwa nani?"

Malaea akaishika saa kifuani. Mvua ilikuwa inakatika.

"Kula kwanza," Uelese akasema. "Usiende kubishana na njaa."

Alikula matonge matatu, akamrudishia kikapu, akaingia ndani.

Daktari Kerslake alikuwa anafunga mafaili ya foleni ya mapafu kwa mpira. Orodha ya Auckland ilikuwa mezani: majina matano, mstari wa sita mtupu. Jioni walikuwa wanavuka kwa meli kwenda kupanda ndege.

"Daktari," Malaea akasema kwa Kiingereza chake cha koridoni, "keti chini."

Akavuta kiti.

"Si kitini. Chini. Mkekani."

"Sielewi."

"Ukiwa chini utaelewa."

Huenda ni ule upole wake. Huenda alikuwa amechoka kusimama. Akakunja miguu yake mirefu, akaketi kwenye mkeka wa Mzee Tuiloma, magoti yakalia kama kuni kavu. Wakati huohuo wazee walikuwa wanarudi na matumbo yao. Wakamwona.

"Tazameni," Mzee Tuiloma akasema. "Leo amekuwa mtu."

"Anasema nini?"

"Anasema mkeka ni wako." Malaea akamwita Talosaga. "Pita mbele ya daktari."

"Kwa heshima?"

"Kama mama yako alivyokufundisha. Ukifika mbele yake kaa hivyohivyo, umeinama, umsalimie na ukoo wake. Polepole."

"Ukoo wake siujui."

"Msalimie na koti lake."

Talosaga akaja. Akainama mbele ya daktari, mgongo chini, mkono sakafuni. "Tulou, mheshimiwa daktari, na koti lako jeupe, na... na kalamu zako..."

Malaea alikuwa amebonyeza saa. Kumi. Kumi na mbili. Maneno yakaanza kukatika. Kumi na tano. Mdomo ukafunguka, sauti haikutoka. Daktari alikuwa chini yake, anatazama juu, na mahali pale palikuwa pazuri kuliko kiti chochote cha hospitali. Aliona mshipa wa shingo ukitutumka unene wa kidole.

"Sekunde kumi na nane," Malaea akasema.

"Simama! Mwinue!" Daktari mwenyewe akaruka, akamshika Talosaga bega, wakasimama pamoja wote wawili wakitweta.

Malaea akatoa karatasi mfukoni. Akaiweka juu ya ile nyingine mezani. Mia mbili na kumi. Mia tatu na sitini. "Wengine wanapoteza arobaini, hamsini," akasema. "Huyu mia na hamsini. Na kidole chake hakishuki. Mapafu yakiumwa, kidole kinashuka. Si hivyo?"

Daktari akasoma zote mbili. Akavuta kiti, safari hii kwa ajili ya Talosaga. Haraka yake yote ilikuwa imeondoka.

"Muulize analala vipi."

"Naketi," Talosaga akasema. "Naegemea nguzo ya nyumba. Nikilala chali nazama."

"Tangu lini?"

"Tangu mimba ya huyu wa mwisho."

"Utotoni, aliwahi kuumwa koo, kisha magoti yakavimba?"

Malaea akatafsiri. Talosaga akamtazama kama aliyeulizwa jina la mbwa wake. "Nikiwa na miaka tisa. Goti hili, kisha hili, kisha kiwiko. Bibi alinikanda mafuta ya nazi mwezi mzima. Daktari kajuaje?"

"Kwa nini hukuwahi kusema?" Malaea akauliza.

"Miaka sita mnaniuliza kifua," Talosaga akasema. "Magoti hakuna aliyeyauliza."

Hilo Malaea alilitafsiri lote, neno kwa neno. Daktari Kerslake akawa mwekundu masikioni.

Akamlaza kitandani kwa ubavu wa kushoto, akaweka kifaa cha kusikilizia chini ya titi, akafumba macho. Chumba kikanyamaza. Hata nje Mzee Tuiloma aliwanyamazisha wenzake kwa fimbo. Daktari alisikiliza muda mrefu. Kisha akamwita Malaea, akamvika masikioni.

Malaea akasikia moyo. Halafu, nyuma ya mapigo, mngurumo mzito wa chini, kama lori linalopanda kilima cha kijiji kingine.

"Unasikia?"

"Nasikia lori."

"Hilo lori ndilo ugonjwa wake."

Wakaleta mashine ya picha kutoka foleni ya moyo. Mwenye zamu akalalamika, akanyamazishwa. Daktari akaminya kipimo kati ya mbavu, akageuza, akaminya tena, Talosaga akasema anamtekenya. Kisha picha ikatulia. Upande wa kushoto wa moyo kuna mlango wenye mbao mbili. Mlango wa Talosaga ulikuwa umegandana pembeni na pembeni, ukabaki tundu dogo katikati, linafunguka na kufumba kama mdomo wa samaki. Nyuma yake chumba kilikuwa kimetanuka. Damu ilikuwa imejaa, inarudi mapafuni, na mapafu yakapewa lawama miaka sita.

"Ile homa ya magoti," daktari akasema, "ilipita, ikauacha mlango na makovu."

"Ndiyo koki," Malaea akamwambia Talosaga. "Bomba lako zima. Koki imekwama."

"Sasa akiinama?" daktari akajiuliza mwenyewe kwa sauti. "Tumbo linasukuma juu, damu inazidi kurudi moyoni, mlango hauwezi kuipitisha. Sekunde kumi na nane." Akatikisa kichwa. Akachukua faili, akafuta tatu, akaandika mbili. Kalamu ikakaa hewani kidogo. "Mwakani nilikuwa nafikiria kumpa vidonge vya kundi la kwanza," akasema polepole. "Vile vinavyopanua mishipa ya mapafu. Damu ingekuja kwa wingi, ikute mlango umefungwa. Ningemzamisha."

Hilo Malaea hakulitafsiri.

Daktari akavuta ile orodha. Mstari wa sita akaandika jina la Talosaga, herufi kubwa.

"Mwambie Ijumaa anapanda ndege."

Talosaga akakunja uso. "Ijumaa? Ijumaa siwezi. Tuna mazoezi ya kwaya."

"Utaimba kwa pumzi ya nani?" Malaea akauliza.

"Kuna mashindano!"

"Talosaga. Nitazame. Ukikataa nitakwenda kuimba mimi mahali pako."

Talosaga alimjua Malaea kanisani. Akakubali papo hapo. Kisha akashika uso kwa viganja viwili, akalia kidogo, mabega tu yakitikisika, na Malaea akakaa naye ubavuni, mpaka machozi yakaisha. Talosaga akapenga kamasi. "Huko Auckland kuna baridi?"

"Wanasema."

"Mume wangu ataniona nimevaa soksi."

Alikwenda Ijumaa. Kwaya iliongozwa na dada yake, ikashika nafasi ya saba, ikasemwa kwamba majaji walikuwa na macho tu, masikio hawana.

Malaea aliendelea na korido yake. Lakini saa aliibonyeza akiwa na mawazo mengine. Picha inaweza kukosea, daktari alikuwa amemwambia kabla ya kuondoka. Mwenye presha anajulikana kwa hakika kwa mrija peke yake. Wanapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa, unafika moyoni, unaingia mshipa wa mapafu, unasoma shinikizo mahali penyewe. Kisha unasukumwa mbele mpaka ukwame, na hapo unasoma shinikizo la upande wa pili, la kushoto. Namba mbili. Ya pili ikiwa ndogo, basi koki ni nzima, na Malaea amempandisha mtu ndege bure, na hakuna wa kumsaidia tena. Ya pili ikiwa kubwa, koki ndiyo mwenye kesi.

Siku tano Malaea hakula vizuri. Uelese alipika kuku. Akapika pankeki. Akapika hata kakao kwa maziwa, ambayo hupikwa Krismasi. Kikapu kikarudi kizito.

Siku ya sita simu ya hospitali ikalia. Daktari Kerslake hakumtaka mganga mkuu. Alimtaka mama wa saa.

"Namba ya mapafu hamsini na mbili," akasema.

Malaea akaandika kiganjani kwa kalamu ya wino. "Na ya pili?"

"Ishirini na saba."

"Ya kawaida?"

"Isizidi kumi na tano."

Malaea akakaa kwenye benchi la manesi.

"Upo?"

"Nipo."

"Tulipitisha puto dogo mpaka mlangoni, tukalijaza, mlango ukaachana. Jana asubuhi. Namba ya pili sasa ni kumi na nne. Ya mapafu thelathini na tatu, nayo itashuka polepole. Ameshaanza kugombana na mpishi."

"Kuhusu nini?"

"Anasema taro haipikwi hivyo."

Malaea akacheka mpaka saa ikamgonga kidevuni.

Hakungoja zamu iishe. Aliomba ruhusa, Uelese akampeleka kwa pikapu ya kaka yake hadi kijiji cha Talosaga, dakika arobaini za njia ya pwani. Nyumbani alimkuta mama mkwe, Faapusa, mwanamke mkavu mwenye sauti kubwa, na wale watoto wanne, na wajomba, na majirani ambao habari haiwapiti. Wakatandika mkeka. Malaea akaketi. Akafungua kiganja.

"Namba ya kwanza ilikuwa hamsini na mbili," akaanza, "sasa thelathini na tatu. Ya pili ilikuwa ishirini na saba, sasa kumi na nne, maana yake ule mlango wa kushoto..."

Wote wanamtazama.

"Binti yangu," Faapusa akasema, "hizo namba tutazila? Sema kwa maneno ya watu. Ataishi?"

"Ataishi."

"Ataimba?"

"Atawaziba masikio."

Bibi yule akaukunja mdomo, akatazama pembeni baharini, akarudi. "Hilo ungeanza nalo," akasema. "Umenizeesha kwa hesabu."

Kisha nyumba ikapasuka. Mjomba mmoja akapiga yowe, mwingine akaanza sala, mtoto wa mwisho akauliza mama anakuja lini, Malaea akamwambia Alhamisi ya wiki ijayo, meli ya asubuhi. Hapo hapo ukaanza ugomvi wa nani atakwenda bandarini. Gari la mchungaji linabeba wanane. Waliojitaja walikuwa kumi na tisa, na mbuzi wa jirani alikuwa ameshaingia ndani. Uelese akasema neno moja tu: pikapu yao ilikuwa na nafasi. Wote wakamgeukia, wakampa chai, wakampa mkate, wakaanza kuihesabu pikapu.

"Nyuma wanaingia kumi," mjomba akasema.

"Wakibanana, kumi na mmoja," mwingine akasema.

"Na mbele?"

"Mbele," Faapusa akasema, "nakaa mimi na Malaea. Na asinihesabie kitu."